Wajibu Wetu kwa Mnyama Aliyefungwa

Mtu anayesafiri katika kisiwa cha Pemba, kutoka Mkoani hadi Chake Chake na kuendelea hata Wete na Konde, hakosi kumwona ng'ombe amefungwa kamba chini ya mnazi au kando ya shamba la muhogo. Mashamba ya kisiwa hicho ni madogo na yamekaribiana. Ng'ombe akiachwa ajiendee, atakula mazao ya jirani na kuleta ugomvi. Kwa hiyo hufungwa. Mwenyewe huja kumhamisha mahali penye majani, humnywesha maji, na jioni humrudisha nyumbani. Mbuzi naye hufungwa vivyo hivyo, kuku hupelekwa sokoni katika tenga, na njiwa huwekwa tunduni. Jambo hilo lenyewe si dhambi. Mwenyezi Mungu ametuwekea katika wanyama manufaa mengi, na asiyemfunga mnyama wake pengine humdhulumu jirani yake.

Lakini liko swali ambalo wengi wetu hatujiulizi. Twauliza: Je, ng'ombe amekula? Je, amekunywa? Hatuulizi: Je, anionapo mimi ninamjia, moyo wake unatulia au unashtuka? Somo letu la leo ni juu ya swali hilo. Tutaona, kwa mafundisho ya dini na kwa uchunguzi wa wataalamu, kwamba binadamu anayemkaribia mnyama aliyefungwa ni sehemu ya chakula chake au ni sehemu ya ugonjwa wake.

1. Tofauti ya aliye huru na aliyefungwa

Katika kijiji cha Kidike, huko huko Pemba, wako popo wakubwa ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani ila kisiwani humo. Zamani waliwindwa sana hata wakakaribia kwisha. Kisha, katika miaka ya 1990, wanavijiji wakaanza kuwalinda, na idadi yao ikaongezeka tena. Mchana popo hao huning'inia juu ya miti. Mtu akipiga kelele chini yao, watakunjua mabawa na kuruka kwenda mti mwingine. Bila shaka wamesumbuliwa. Lakini wanayo njia ya kuondoka, na wakiisha ondoka hofu yao hupungua.

Sasa mfikirie ng'ombe aliyefungwa. Mtoto akimrushia mawe, ataondoka aende wapi? Atakimbia mpaka mwisho wa kamba, kisha kamba itamrudisha. Wahenga walisema: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lakini kuku yule mwenye kamba mguuni hawezi kuchagua ni nani amkaribie, saa ngapi, na kwa mkono wa namna gani. Kwa hiyo jambo dogo linalofanywa kwa mnyama aliye huru huwa kubwa likifanywa kwa mnyama aliyefungwa. Yule aliye huru huishi katika dunia ya Mungu iliyo pana, na huyu aliyefungwa huishi katika dunia tuliyompimia sisi.

2. Mafundisho ya dini

Kurani Tukufu (6:38) inawataja wanyama na ndege kuwa ni makundi yenye utaratibu wao, kama sisi tulivyo. Si vitu tu vya kutumiwa. Na Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) ametufundisha jambo hili kwa mifano ambayo kila Mwislamu ameisikia, ingawa si kila mmoja wetu ameitafakari.

Mfano wa kwanza ni wa mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tazama vizuri kosa lake. Hakuadhibiwa kwa kuwa alikuwa na paka, bali alimfungia. Na baada ya kumfungia hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie mwenyewe. Basi twafahamu kwamba kumfunga mnyama ni kuingia katika deni. Siku ile unapomwondolea uwezo wa kujisaidia, kila haja yake inakuwa juu ya shingo yako.

Mfano wa pili ni wa ngamia aliyekuwa katika bustani ya mtu mmoja wa Madina. Ngamia yule alipomwona Mtukufu Mtume (s.a.w.) alilia, machozi yakamtoka. Mtukufu Mtume akamwendea, akampapasa kichwani mpaka akatulia. Kisha akamwita mwenyewe na kumwonya amwogope Mungu juu ya mnyama huyo, kwa kuwa alikuwa akimtia njaa na kumchosha kwa kazi. Angalia mpango wa matendo hayo. Kwanza mkono wa upole, mnyama atulie. Kisha hukumu kwa mwenye kosa. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alijua kwamba mguso wa binadamu unaweza kuituliza hofu ambayo binadamu mwingine ameitia.

3. Uhuru wa tano

Katika nchi za Magharibi jambo hili lilikuja kuchunguzwa kwa undani baadaye sana. Mwaka 1964 mwanamke wa Kiingereza, Ruth Harrison, alitoa kitabu juu ya mifugo inayofungiwa mabandani kwa wingi. Watu wakashtuka, na serikali ya Uingereza ikaunda kamati ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1965. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1979 zikatajwa haki tano za mnyama anayefugwa, nazo huitwa uhuru wa aina tano: asione njaa na kiu, asikae mahali pa kumtaabisha, asiachwe na maumivu na ugonjwa, apate nafasi ya kufanya yaliyo katika tabia yake, na asiishi katika hofu na dhiki.

Msomaji mpendwa, zihesabu hizo tano kwa vidole vyako. Mfugaji mwema wa Pemba anaweza kumpa ng'ombe wake majani, maji, kivuli na dawa, akadhani amemaliza kazi. Lakini uhuru wa tano hauletwi kwa ndoo wala kwa mundu. Unaletwa na namna mtu mwenyewe anavyokuja, anavyosema na anavyoshika. Anaweza kumpa mnyama wake vitu vyote, akamnyima hicho kimoja, kwa kuwa chanzo cha hofu ni yeye mwenyewe.

4. Umbali wa hofu

Mswisi mmoja, Heini Hediger (1908–1992), aliyeongoza bustani za wanyama za Bern, Basel na Zürich, alifundisha kwamba kila mnyama anao umbali wake wa kukimbia. Adui akiwa mbali, mnyama humtazama tu. Adui akiuvuka mpaka fulani, mnyama hukimbia. Basi ikiwa banda au kamba ni fupi kuliko umbali huo, mnyama yuko katika hali ya kutaka kukimbia kila amwonapo mtu, na hawezi. Moyo hupiga mbio, damu hujaa kemikali za hofu, naye amesimama pale pale. Hali hiyo ikiendelea siku nyingi, humdhoofisha. Dawa yake ni mbili: ama kumpanulia nafasi na kumpa mahali pa kujificha, ama kumzoeza mtu kidogo kidogo kwa wema mpaka umbali ule wa hofu upungue wenyewe.

Hata kutazamwa tu kuna uzito. Katika bustani ya wanyama ya Melbourne, Australia, watafiti walifunga kwa muda mahali wageni wanaposimama kuwatazama pengwini wadogo. Wageni walipokosekana, ndege hao walipunguza ugomvi wao kwa wao na kujikunyata pamoja. Lakini mwaka 2020, mahali pa kuonyeshea samaki paitwapo Sumida, mjini Tokyo, palipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, yalitokea mengine. Mikunga wadogo wa mchangani, kama 300, waliokuwa wamezoea watu, wakaanza kujificha mchangani kila walipomwona mtunzaji, hata ikawa vigumu kuwachunguza afya zao. Watunzaji wakawaomba watu wapige simu za picha ili mikunga wazione tena sura za binadamu. Basi hatuwezi kusema kwamba kuwapo kwa mtu ni kubaya siku zote au kwamba ni kuzuri siku zote. Mnyama hujifunza kwa yale anayotendewa.

5. Mkono, sauti na maziwa

Twende sasa kwenye jambo ambalo kila mkamaji analifahamu. Ng'ombe wetu wenye nundu mara nyingi hawatoi maziwa mpaka ndama aletwe anyonye kidogo. Sababu yake ni hii. Ndama anapogusa chuchu, au mkono wa upole unapoziosha, ubongo wa ng'ombe hutoa kemikali iitwayo oksitosini, nayo husukuma maziwa yashuke. Lakini ng'ombe akishtuka, mwili wake hutoa adrenalini, ambayo huizuia oksitosini isifanye kazi yake. Maziwa yamo kiweleni, lakini hayashuki. Mkamaji aliyekasirika humpiga ng'ombe kwa kuwa amezuia maziwa. Na kwa kumpiga huko huyazuia zaidi.

Mtaalamu wa Australia, Paul Hemsworth, pamoja na wenzake, walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Walianza na nguruwe, mnyama ambaye kwetu ni haramu. Lakini elimu iliyopatikana inawahusu ng'ombe na kuku pia. Waliona kwamba wanyama waliopigwa au kushtuliwa kila walipomkaribia mtu walikua polepole, na kemikali za dhiki ziliongezeka katika damu yao. Jambo la kushangaza zaidi ni hili: wale waliotendewa wema mara nyingi na ubaya mara chache, bila mpango, walionyesha dhiki karibu sawa na wale waliotendewa ubaya siku zote. Mnyama asiyejua leo atapata mkono upi hawezi kutulia. Baadaye wafanyakazi wa mashamba ya maziwa walipofundishwa kuacha makofi na kelele, hofu ya ng'ombe ilipungua na maziwa yakaongezeka.

Nako Uingereza, mwaka 2009, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Catherine Douglas na Peter Rowlinson, walitangaza matokeo ya maswali waliyowauliza wafugaji 516. Katika mashamba ambako kila ng'ombe aliitwa kwa jina lake, ng'ombe walitoa wastani wa lita 258 zaidi kwa mwaka. Si kwamba jina ni dawa. Lakini mtu anayemjua mnyama wake kwa jina humtazama mmoja mmoja. Akiumwa humjua mapema, na akimkaribia humkaribia kwa sauti anayoijua.

Hata nyama ina ushahidi wake. Mnyama aliyefukuzwa, kupigwa na kutishwa kwa muda mrefu kabla ya kuchinjwa humaliza nguvu iliyohifadhiwa katika misuli yake. Nyama yake huwa nyeusi na kavu, na huharibika upesi. Dini imetuamrisha kunoa kisu na kutomtesa mchinjwa. Basi yule anayemburuta mbuzi wa Idi kwa mguu mmoja mbele ya watoto wanaoshangilia, amekosa adabu ya ibada na ameiharibu nyama.

6. Mchezo wa ng'ombe

Hatuwezi kuzungumza habari za Pemba bila kuutaja mchezo wa ng'ombe, ambao wengi husema uliachwa na Wareno. Fahali huletwa uwanjani amefungwa kamba, watu humchokoza kwa nguo na kelele, wachezaji humkwepa, na wanawake huimba. Tofauti na Hispania, fahali wa Pemba hachomwi mikuki wala hauawi uwanjani. Kwa hilo, watu wa Pemba wanastahili kusifiwa.

Lakini kutomuua si mwisho wa wajibu. Fahali anayechokozwa mwisho wa kamba hawezi kuondoka katika mchezo wakati ameuchoka. Na mchezo ukiisha, mnyama huyo huyo hurudishwa nyumbani, na kesho pengine mtoto wa miaka kumi ndiye atakayempeleka majini. Je, fahali ataujuaje mkono wa mchezo na mkono wa malezi? Wenye mchezo huo wanaweza kuyapima haya wao wenyewe: muda uwe mfupi, kamba isikaze shingo, asipigwe wala kuchomwa, na aonekanapo amechoka aondolewe, hata kama watazamaji wanataka zaidi. Mila ambayo imejizuia isimwage damu inaweza pia kujizuia isiongeze hofu.

7. Mapenzi yanayodhuru

Mpaka hapa tumesema juu ya ukali. Pengine msomaji atasema: Mimi nawapenda wanyama, sina hatia. Ngoja kidogo, kwani mapenzi nayo yanaweza kudhuru.

Nchini Kenya, katika mbuga ya Tsavo, Daphne Sheldrick alikuwa akilea watoto wa tembo waliofiwa na mama zao. Miaka mingi hakuweza kuwaokoa wale wachanga kabisa wanaotegemea maziwa tu, mpaka alipogundua kwamba mafuta ya nazi yakichanganywa katika maziwa hufaa. Katika miaka ya 1970, mtoto wa tembo aitwaye Aisha aliishi kwa maziwa hayo miezi sita, akimfuata mama Sheldrick kila aendako. Kisha mama huyo akalazimika kusafiri kwa ajili ya arusi ya binti yake. Aisha akakataa kula, akadhoofika, akafa. Hakukosa maziwa, alimkosa mtu. Kutoka hapo ikawekwa kanuni, ambayo imefuatwa katika kituo cha watoto wa tembo cha Nairobi, kwamba watunzaji hupokezana, wala mtoto hafungwi moyo wake kwa mtu mmoja. Watunzaji hulala nao usiku, lakini kila usiku si yule yule. Na lengo ni kwamba tembo warudi porini kwa tembo wenzao.

Uganda nako, katika kisiwa cha Ngamba ndani ya ziwa Victoria, kuna kituo cha sokwe kilichoanzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya wale walionyang'anywa wafanya biashara. Wageni huwatazama kutoka jukwaani, nyuma ya uzio. Sababu mojawapo ni kwamba mafua yetu yanaweza kumwua sokwe. Mgeni anayetamani kumkumbatia huyo sokwe anamtamania mauti.

Na karibu na nyumbani, katika kisiwa cha Changuu mbele ya mji wa Unguja, wako kobe wakubwa wa asili ya Aldabra. Wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli. Wakazaana hata mwaka 1955 wakawa kama 200. Kisha watu wakawaiba, wengine kwa kuwala, wengine kwa kuwauza ng'ambo kwa watu wanaopenda kufuga kobe. Mwaka 1996 walibaki saba tu. Watoto 80 wakapelekwa kisiwani, na 40 kati yao wakatoweka. Ndipo serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na chama cha dunia cha kuwalinda wanyama, ikajenga ua mkubwa, na kobe wakaanza kuongezeka tena. Fikiri: mnunuzi wa ng'ambo alisema anampenda kobe, na kwa kumpenda alimlipa mwizi. Na ua uliowafungia kobe ulikuwa rehema kwao. Kwa hiyo tusitazame kamba au ua peke yake. Tutazame ni kwa faida ya nani.

8. Yatupasayo

Katika hayo yote tunapata kipimo kimoja: Je, mnyama huyu angekuwa na njia ya kuondoka, angebaki karibu nami? Kobe anayenyosha shingo ili asuguliwe, na ambaye angeweza kwenda zake kichakani, amejibu ndiyo. Kobe aliyekaliwa mgongoni ili mgeni apigwe picha hakuulizwa. Basi yatupasa kufanya haya:

(a) Tumjie mnyama polepole, tukitoa sauti anayoijua, wala tusimshtue kwa nyuma.

(b) Mkono unaolisha usiwe ndio unaopiga. Ikiwa dawa au sindano itamwumiza, afarijiwe baadaye kwa chakula na mguso wa upole.

(c) Kamba iwe ndefu ya kutosha, isiyokata shingo wala mguu, na kivuli na maji viwe ndani ya mzunguko wake. Banda liwe na pembe ya kujificha.

(d) Mnyama wa porini asifugwe kwa ajili ya kuchezewa, hata kama mtoto wa nyumba amempenda.

(e) Tuwaendeapo wanyama waliofungiwa ili watazamwe, tusigonge vizuizi, tusiwatupie vyakula, wala tusiwapande.

(f) Watoto wafundishwe mapema. Wahenga wamesema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aliyepewa kamba ya ng'ombe amepewa mamlaka yake ya kwanza juu ya kiumbe asiyeweza kujitetea. Akijifunza hapo kwamba mwenye nguvu hupiga, hataliacha somo hilo zizini. Atalichukua mpaka nyumbani kwa mkewe, na ofisini kwa walio chini yake.

Ndugu msomaji, jioni ya leo utakapokwenda kumfungua ng'ombe au kuku wako, simama hatua chache mbali naye, umtazame kabla hujamgusa. Akiinua kichwa na kukujia, mshukuru Mungu. Akirudi nyuma mpaka kamba ikakaza, usimkasirikie. Huo ni ushahidi wake, nao utatolewa tena mbele ya Yule asiyepotewa na lolote. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitunza amana zake, wenye ndimi na wasio na ndimi. Amin.